Kansa ya Mfuko wa Nyongo: Maswali Tunayoulizwa Mombasa Kabla na Baada ya Kisu

Nimekuwa muuguzi wa wodi za upasuaji hapa Mombasa kwa miaka mingi. Maswali haya nimeulizwa kando ya vitanda, kwenye benchi za kliniki, hata nikiwa kwenye feri ya Likoni narudi nyumbani. Nimeyaandika jinsi watu wanavyoyauliza. Hayachukui nafasi ya daktari aliyekupima tumbo na kuona picha zako, ila yatakusaidia kujua la kumuuliza. Ukiwa na muda wa kusoma moja tu, soma lile la karatasi ya patholojia, yaani ripoti ya maabara ya mfuko uliotolewa.

Sista, mfuko wa nyongo ni kitu gani hasa?

Ni kifuko chenye umbo la pea changa, urefu wa sentimita 7 hadi 10, kimejibanza chini ya ini upande wa kulia, pale mbavu zinapoishia. Wengine hukiita kibofu cha nyongo. Nyongo yenyewe inatengenezwa na ini. Mfuko kazi yake ni kuihifadhi na kuiminya ishuke kwenye utumbo unapokula chakula cha mafuta. Ndiyo maana mtu akitolewa mfuko huu anaendelea kula na kuishi. Nyongo hushuka moja kwa moja kutoka kwenye ini.

Nimeambiwa nina mawe kwenye nyongo. Yatageuka kansa?

Mawe hayageuki kansa. Linalotokea ni kwamba kwa baadhi ya watu, mawe yaliyokaa miaka mingi huukera ukuta wa mfuko, ukuta unavimba na kupona, unavimba tena na kupona, mpaka chembe zake zinaanza kubadilika. Wagonjwa wengi wa kansa hii hukutwa na mawe. Lakini igeuze hesabu: katika watu wote wenye mawe, walio wengi mno hawataipata maisha yao yote. Kwa hiyo usikose usingizi kwa sababu ya mawe peke yake.

Yapo mambo yanayofanya daktari akaze macho. Jiwe kubwa linalozidi sentimita 3. Ukuta wa mfuko uliogandwa na chokaa. Mrija wa nyongo na ule wa kongosho kuungana mahali pasipo pake tangu mtu azaliwe. Umri mkubwa, na kuwa mwanamke, kwa kuwa wanawake huipata zaidi ya wanaume. Duniani, Chile na kaskazini mwa India ndiko inakoonekana sana.

Na taifodi, kwa sababu mtaani kila homa tunaiita taifodi. Kuugua taifodi na kutibiwa ukapona sicho tunachozungumzia. Wapo watu wachache ambao vijidudu vya taifodi hubaki vimejificha ndani ya mfuko wa nyongo kwa miaka bila wao kuumwa, mara nyingi pamoja na mawe. Hao ndio hatari yao huongezeka.

Dalili zake ni zipi?

Hapa ndipo ugonjwa huu unaponiumiza moyo, kwa sababu mwanzoni hauna dalili yake wenyewe. Maumivu chini ya mbavu za kulia, yanayopanda begani au mgongoni, ni yale yale ya mawe. Tumbo kujaa na kichefuchefu baada ya mahamri au viazi karai, watu husema ni vidonda vya tumbo na kununua dawa za asidi kwenye duka la dawa, mwezi baada ya mwezi.

Maumivu ya mawe huja na kuondoka. Yakibadilika tabia, yakawa ya kila siku, mtu akapoteza hamu ya kula na nguo zikaanza kumpwaya, hilo si la kununulia vidonge. Halafu kuna umanjano: macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya mkandaa, choo kinapauka kama udongo mweupe, na ngozi inawasha usiku kucha. Maana yake nyongo imezibiwa njia. Si kila umanjano ni kansa. Jiwe lililonasa kwenye mrija huleta hali hiyo hiyo, na homa ya ini nayo huleta macho ya manjano. Lakini mtu mzima mwenye umanjano apigwe picha ya altrasaundi ndani ya siku chache, si baada ya kumaliza chupa tatu za dawa ya mitishamba.

Vipimo huanza na kipi?

Altrasaundi ya tumbo. Ni rahisi, haiumi na inapatikana mjini. Huonyesha mawe vizuri sana, lakini uvimbe uliojificha nyuma ya mawe inaweza kuukosa. Ikionyesha ukuta ulionenepa upande mmoja tu, au kitu ndani ya mfuko kisichosogea mgonjwa anapogeuka, au mpaka kati ya mfuko na ini umepotea, hatua inayofuata ni CT ya tumbo na kifua yenye dawa ya kung'arisha mishipa ya damu. Picha hiyo ndiyo inayomwonyesha daktari mpasuaji kama uvimbe umegusa ini, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, au matezi (tezi za limfu). MRI ya mirija ya nyongo inasaidia zaidi mgonjwa akiwa na umanjano.

Kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 kinaweza kupanda kwa mwenye kansa hii, lakini hupanda pia mrija unapoziba kwa jiwe. Nimeona familia ikilia kwa sababu ya namba hiyo, kumbe ni jiwe. Kisisomwe peke yake.

Daktari anasema inaonekana ni kansa, lakini hataki kunidunga sindano achukue nyama. Mbona?

Swali zuri, na watu wengi hudhani daktari anakwepa kazi. Kansa ya mfuko wa nyongo ina tabia mbaya ya kuota popote chembe zake zinapodondoka: kwenye njia ya sindano, kwenye utando unaozunguka tumbo kwa ndani, kwenye kidonda. Ikiwa picha zinaonyesha uvimbe unaoweza kuondolewa wote, kuutoboa kwanza ni kuhatarisha nafasi ya kupona. Hapo unaondolewa mzima, bila kupasuliwa, ndipo upimwe.

Sindano ina mahali pake. Kama ugonjwa umekwisha kusambaa na upasuaji hauwezekani, lazima nyama ichukuliwe kabla ya kemo (dawa za kuua chembe za kansa), maana hakuna daktari wa kansa atakayekupa dawa kali kwa kukisia. Upo pia uvimbe sugu wa mfuko ambao si kansa lakini hufanana nayo sana kwenye picha, na kifua kikuu cha matezi nacho hudanganya.

Nimeonekana na polipu ya milimita 6. Nitolewe mfuko?

Si lazima. Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa mfuko, na nyingi ni vijinundu vya mafuta tu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unashauri mfuko utolewe polipu ikifika milimita 10. Ikiwa kati ya 6 na 9, hutolewa kama kuna jambo la kuongeza hatari, kwa mfano umri wa kupita miaka 60 au polipu iliyokaa bapa bila kikonyo. Vinginevyo unarudia altrasaundi baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2. Ya milimita 5 au chini, bila hatari nyingine, haihitaji hata kufuatiliwa.

Nilitolewa mfuko kwa ajili ya mawe. Sasa naitwa hospitali, eti kuna kansa. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ndiyo njia mojawapo kuu ya ugonjwa huu kugunduliwa. Mpasuaji aliona mfuko wenye mawe, akautoa, ukapelekwa maabara ya patholojia, ukakatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa darubini, ndipo kansa ikaonekana. Hakuna aliyekuficha. Na ukweli ni kwamba ukigunduliwa hivi, mara nyingi umewahiwa kuliko aliyekuja akiwa na umanjano.

Naomba nieleze jambo langu hapa. Mama yangu mdogo alitolewa mfuko kwa upasuaji wa matundu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulipewa mawe yake kwenye kichupa, tukayaonyesha wageni waliokuja kumjulia hali. Mfuko wenyewe ulipelekwa maabara na ripoti ikarudi wiki tatu baadaye. Ikawekwa kwenye faili. Hakuna aliyepiga simu, na sisi hatukuuliza. Mimi muuguzi sikuuliza. Baada ya miezi saba macho yake yakawa manjano, faili likafunguliwa, karatasi ikatoka: kansa iliyoingia kwenye misuli ya ukuta. Siku ile ya ripoti ilikuwa bado ni ya kufanyiwa upasuaji wa pili. Tulipoisoma, ilikwisha kufika kwenye mirija na mshipa mkubwa.

Kwa hiyo namwambia kila mtu: kila mfuko unaotolewa upelekwe patholojia, hata kama daktari ameuona ni wa mawe tu. Kabla hujatoka wodini uliza umepelekwa maabara gani, na tarehe ya kuchukua ripoti iandikwe kwenye kadi yako. Ikifika tarehe hiyo nenda, au mtume mwanao. Ukiambiwa haijaja, usiridhike na "tutakupigia". Weka nakala yako nyumbani pamoja na kitambulisho. Wengine huniambia ripoti inaongeza gharama. Ni kweli, na naomba utafute hiyo fedha.

Ripoti imeandikwa T1b. Hizi herufi zina maana gani?

T inaeleza kansa imezama kiasi gani ndani ya ukuta. T1a imeingia utando laini wa ndani tu. T1b imefika kwenye misuli. T2 imevuka misuli na kuingia tishu za nje yake. T3 imetoboa ngozi ya nje, au imeingia ini, au kiungo kimoja jirani. T4 imeshika mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini, au viungo jirani viwili na zaidi.

Kwa T1a, kutolewa mfuko mara nyingi kunatosha, mradi mfuko haukupasuka na mahali mrija wake ulipokatwa pako safi. Kuanzia T1b, madaktari wengi hushauri upasuaji wa pili kama mwili unauweza. Sababu yake iko kwenye umbile la mfuko wenyewe. Upande ulioegemea ini hauna ile ngozi ya nje. Mfuko na ini vimegandana kwa tishu nyembamba tu, na vijishipa vidogo vinapita kati yao. Upasuaji wa kawaida wa mawe hutenganisha viwili hivyo hapo hapo kwenye tishu hiyo. Kwa mawe ni sahihi kabisa. Kwa kansa iliyozama, kisu kimepita karibu mno nayo, na chembe zinaweza kuwa zimebaki kwenye ini. Ndiyo maana hata T2 ya upande wa ini huwa mbaya kuliko T2 ya upande wa tumbo.

Katika ripoti tafuta pia kama mfuko ulipasuka na nyongo kumwagika, na kama kingo za mrija ni safi. Ikiwa haya hayakuandikwa, mpasuaji anaweza kuomba vipande vile vile visomwe upya na mpatholojia mwingine. Vinahifadhiwa, havitupwi.

Upasuaji mkubwa wenyewe unafanywaje?

Mara nyingi huanza na kamera. Tumbo linachunguliwa kwa tundu dogo kuona kama kuna vijinundu vilivyotawanyika ambavyo CT haikuvionyesha. Vikikutwa, upasuaji unasimama hapo, na mgonjwa anaepushwa na kidonda kikubwa kisicho na faida. Watu huona kama wamefunguliwa wakafungwa bure. Si bure hata kidogo.

Kama pako safi, mpasuaji anaangalia matezi ya mbali, yale ya karibu na mshipa mkuu wa mgongoni. Hayo yakiwa na kansa, kukata ini hakusaidii. Yakiwa salama, anaondoa kipande cha ini kilichobeba mfuko, kwa kawaida sehemu zinazohesabiwa 4b na 5, na matezi yote yanayofuata mrija wa nyongo na mishipa iendayo kwenye ini. Matezi yasiyopungua 6 yanapaswa kuhesabiwa na mpatholojia, maana idadi ya yaliyoathirika ndiyo itakayoongoza matibabu ya baadaye. Mrija mkuu wa nyongo haukatwi kwa desturi. Unakatwa hasa pale kisiki cha mrija wa mfuko kikionekana kina kansa, na utumbo mwembamba huvutwa juu na kuungwa na mrija unaotoka kwenye ini ili nyongo ipate njia. Zamani makovu ya matundu ya upasuaji wa kwanza nayo yalikatwa. Siku hizi hilo halifanywi kwa kawaida.

Kwa waliogunduliwa baada ya upasuaji wa mawe, wiki 4 hadi 8 baada ya ule wa kwanza ndio muda unaopendelewa kwa upasuaji wa pili: uvimbe wa kidonda umetulia, na ugonjwa haujapewa nafasi ndefu.

Wakinikata ini, si nitakufa?

Ini lenye afya huota tena na kujaza pengo lake ndani ya miezi michache, na kipande kinachotolewa hapa ni kidogo. Hatari za kweli ni kuvuja damu, nyongo kuvuja kwenye tumbo, na usaha. Ndiyo maana utatoka thieta na mpira wa kutolea majimaji ubavuni; usiogope ukiona majimaji yana rangi, lakini yakiwa ya kijani mwite muuguzi. Mwenye umanjano hupewa vitamini K kabla, kwa kuwa nyongo ikiziba damu huchelewa kuganda.

Hapa Mombasa niende wapi?

Anza na kliniki ya upasuaji ya Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wazee wetu bado wanaiita Makadara, au hospitali binafsi unayoimudu. Muulize mpasuaji waziwazi: upasuaji wa ini na mirija ya nyongo unaufanya mara ngapi? Mpasuaji mzuri hachukii swali hilo. Akikuelekeza Nairobi, si kwamba amekukataa. Kukata ini na kusafisha matezi ni kazi ya timu iliyozoea, yenye damu ya kutosha na chumba cha wagonjwa mahututi. Ukipanda treni Miritini au basi la usiku Mwembe Tayari, beba CD ya CT, ripoti ya patholojia na maelezo ya upasuaji wa kwanza. Wengi hubeba risiti zote wakasahau CD.

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali, SHA, imechukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF. Hakikisha umesajiliwa na michango imelipwa kabla ya kulazwa, na uulize idhini ya upasuaji na ya matibabu ya kansa kila moja kivyake.

Na ikiwa haiwezi kukatwa?

Bado kuna la kufanya. Nyongo iliyoziba hufunguliwa kwa stenti, kijimrija kinachopitishwa kwa kamera kupitia mdomoni, au kwa sindano kupitia ini. Muwasho unapungua, mtu analala, na kemo inawezekana. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa dawa za kemo jemsitabini pamoja na sisplatini huongeza maisha kuliko jemsitabini peke yake, kutoka wastani wa miezi 8.1 hadi 11.7, kwa wagonjwa wa kansa za mirija na mfuko wa nyongo. Baadaye dawa za kinga ya mwili ziliongezwa, lakini bei yake ni nzito kwa wengi wetu. Na dawa za maumivu, ikiwemo mofini, ni haki ya mgonjwa. Mofini haimaanishi mmemkatia tamaa.

Hata aliyefanyiwa upasuaji ukafaulu huenda akashauriwa vidonge vya kemo viitwavyo kapesitabini kwa miezi 6 hivi. Viganja na nyayo huweza kuwaka na kubanduka. Paka mafuta na umwambie daktari mapema.

Baada ya hapo nitakula wali wa nazi?

Utakula. Wiki za kwanza kula kidogo kidogo mara nyingi: uji, samaki wa kuchemsha, wali mweupe. Tui zito na vya kukaanga virudi taratibu, ukiona tumbo linaharisha punguza. Kuhusu Ramadhani, aliye kwenye kemo au aliyetoka kupasuliwa ana ruhusa ya mgonjwa. Zungumza na daktari wako na shehe wako wote wawili, usifunge kimyakimya.

Kuhusu kombe na dua, sijamzuia mtu. Ninachoomba ni mitishamba ya kunywa isichanganywe na kemo bila daktari kujua, kwa sababu mingine hulitesa ini lile lile tunalolitegemea.

Tumwambie mgonjwa, au tumfiche?

Familia nyingi za hapa hutuomba tumfiche mzee. Naelewa ni mapenzi. Lakini mgonjwa anaona nyuso zenu, anaona mnanong'ona mlangoni, na anaachwa peke yake na woga wake. Msimmwagie yote kwa siku moja. Muulizeni anataka kujua kiasi gani, kisha mwambieni kiasi hicho, daktari akiwepo.

Mama mdogo tulimficha wiki mbili. Siku ya kumi na tano akaniita kitandani, akaniambia, "Mwanangu, nisomee hiyo karatasi." Nikamsomea polepole, neno kwa neno, nikimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza iliandikwa tarehe gani, nikamwambia.